Kwa binamu yangu aliyelala katikati ya Samurai Saba

Binamu,

Salamu nyingi sana. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu, wewe uliyeniandikia juzi kwamba siku hizi "hakuna cha kutazama". Umemaliza misimu minne ya ile tamthilia yako, ukaanza nyingine ukaiacha kipande cha pili, na jioni nzima ikaisha ukiperuzi orodha juu chini mpaka usingizi ukakubeba na rimoti mkononi. Nilicheka. Kisha nikajisikia vibaya kidogo, maana kwa upande fulani mchawi wako ni mimi.

Unaukumbuka usiku ule. Saa tatu, siku ya kazi, umechoka, nami nikakuwekea Samurai Saba ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954: dakika 207, rangi hakuna, Kijapani mwanzo mwisho. Ulijitahidi mpaka pale samurai mkongwe, Kambei, anaponyolewa kichwa ukingoni mwa maji, huku kijiji kizima kimemzunguka. Ukaniuliza, "Mbona wanashangaa hivyo mtu akinyoa?" Sijafika nusu ya jibu, unakoroma. Tangu hapo nikitaja filamu yoyote iliyotangulia kuzaliwa kwako unauliza, "Zile za kulalia?"

Kosa lilikuwa langu, Kurosawa hana hatia. Kwa hiyo barua hii ni ya kuomba radhi, na nimeiweka hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Kwanza, achana na zile orodha za filamu 100 bora. Jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wachambuzi kila baada ya miaka 10 filamu ipi ni bora kuliko zote. Kuanzia 1962 hadi 2002 walijibu Citizen Kane. Mwaka 2012 wakasema Vertigo. Mwaka 2022 wakaichagua Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, inayopita saa tatu, na humo mama mmoja anamenya viazi, na wewe unakaa naye anavyomenya. Mimi naipenda. Wewe ningekuanzishia hiyo, undugu wetu ungeishia hapo.

Lakini kura ya kwanza kabisa, ya mwaka 1952, ilikwenda kwa filamu iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, na inahusu baiskeli. Anza na hiyo. Nimegundua kwamba nyingi ninazotaka uzione zinazunguka kitu kimoja kidogo cha kushika mkononi, kitu ambacho ukimsimulia mtu atakuuliza, "Halafu?"

Inaitwa Ladri di biciclette. Itafute pia kwa jina la Bicycle Thieves. Ni ya Vittorio De Sica, Italia, 1948, na haifiki saa moja na nusu. Roma baada ya vita. Wanaume wamejazana nje ya ofisi ya ajira, jina la Antonio linaitwa: kazi ya kubandika mabango ipo, sharti uwe na baiskeli. Anayo, ila ameiweka rehani. Mkewe, Maria, habembelezi wala halii sana. Anavua mashuka kitandani, anayafunga furushi, wanayapeleka rehani ili waikomboe baiskeli. Hapo ndipo nakuomba usishike simu. Karani analichukua lile furushi, anakwenda nalo kwenye rafu, anaanza kupanda. Anapanda, na kamera inapanda naye, na unaona kwamba rafu zote, mpaka karibu na dari, zimejaa mafurushi ya mashuka. Jiji zima linalala bila mashuka. Hakuna mhusika anayesimama kutuhutubia kuhusu umaskini. Ni mtu anapanda rafu, basi.

Siku ya kwanza kazini baiskeli inaibiwa. Kinachobaki ni baba na mwanawe Bruno, mtoto mdogo mwenye hatua za haraka, wakiitafuta jiji zima. Unanijua sipendi kuharibiwa mwisho, nami sikuharibii. Nitasema hivi tu: steringi hafi. Ila utafika mahali utamani angepigwa risasi kama masteringi wengine, maana kinachompata ni aibu, na kinampata mbele ya mtoto. Halafu uutazame mkono wa Bruno.

Mtayarishaji mmoja mkubwa wa Hollywood, David O. Selznick, alitaka Antonio aigizwe na Cary Grant. Fikiria Cary Grant, na suti zake, amekosa pesa ya kukomboa baiskeli! De Sica akakataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwahi kuigiza. Filamu ikazunguka dunia. Maggiorani akarudi kiwandani, na baadaye akapunguzwa kazi. Kila nikiitazama upya nalikumbuka hilo, na uso wake unazidi kuwa mzito.

Ukitoka hapo, daftari. Abbas Kiarostami, Iran, 1987, Nyumba ya Rafiki Iko Wapi. Mwalimu amemwonya mwanafunzi kwamba akija tena bila kuandika kazi yake kwenye daftari lake atafukuzwa shule. Mwenzake, Ahmad, anafika nyumbani, anafungua mkoba, anakuta madaftari mawili yanayofanana: lake na la yule aliyeonywa. Rafiki anakaa kijiji kingine na jua linashuka. Anamweleza mama. Mama anasema fanya kazi yako ya shule. Anamweleza tena. Mama anamwambia ambembeleze mtoto. Anajaribu tena, maneno yaleyale, sauti ileile, na mama anasikia kila kitu isipokuwa anachoambiwa. Sijawahi kuona filamu ya mapigano iliyonikaza misuli kama mazungumzo haya ya uani. Na kuna babu mmoja humo anamtuma Ahmad sigara ilhali anazo, eti kumfunza utii. Utamtambua. Kila ukoo una wake, na wa kwetu sitamtaja hapa.

Najua unachoandaa kuniambia: mambo ni ya polepole. Basi nikupe ya kisu. 12 Angry Men, Marekani, 1957, filamu ya kwanza ya sinema ya Sidney Lumet. Watu 12 wa juri wamefungiwa chumbani siku ya joto kali kuamua kama kijana fulani amemuua baba yake. Kura ya kwanza ni 11 kwa mmoja. Karibu filamu nzima iko ndani ya chumba hicho, hakuna anayepigana, na hutathubutu kwenda msalani. Ushahidi mkubwa ni kisu ambacho inadaiwa hakina mfano wake. Sasa subiri Henry Fonda, anayeigiza yule mmoja aliyewapinga 11, aingize mkono mfukoni. Ukiitazama mara ya pili, angalia Lumet alivyocheza na lenzi. Mwanzoni kamera iko juu kidogo ya macho yao na chumba kinaonekana kipana. Inashuka taratibu, lenzi zinazidi kuwa ndefu, kuta zinasogea, na mwishoni unawatazama kutoka chini mpaka dari linaonekana limewalalia. Unahisi joto bila kujua linatoka wapi.

Na kwa kuwa hulali bila tamthilia ya muuaji, tazama M ya Fritz Lang, Ujerumani, 1931. Zote unazozipenda zimekopa hapo. Mpira wa mtoto unabingirika nyasini, puto linanasa kwenye nyaya za simu, nawe umeshaelewa bila kuonyeshwa tone la damu. Muuaji anajulikana kwa mluzi, na anayemtambua ni kipofu. Peter Lorre, aliyeigiza muuaji, hakujua kupiga mluzi. Unaousikia ni wa Lang mwenyewe.

Sasa kinyago, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndani yake kuna barua. La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, 1966, saa moja hivi. Sembène alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, halafu, karibu na umri wa miaka 40, akaenda Moscow kujifunza filamu, kwa kuwa watu aliowaandikia wengi hawakuweza kusoma vitabu vyake. Diouana ni msichana wa Dakar anayepata kazi kwa Wafaransa ya kulea watoto. Anafurahi, anawapa zawadi ya kinyago. Wanamchukua hadi Antibes, kusini mwa Ufaransa, na huko watoto hawapo, ni kufua, kupika na kusugua. Anasugua akiwa amevaa gauni zuri na viatu vya kisigino, mpaka mama mwenye nyumba anamwamuru avivue. Kile kinyago kimetundikwa ukutani peke yake, ukuta mweupe.

Siku moja inakuja barua ya mama yake. Diouana hajui kusoma, hivyo bwana mwenye nyumba anamsomea. Kisha bwana huyohuyo anachukua kalamu na kuanza kumwandikia majibu: mimi ni mzima, nafanya kazi vizuri, maneno kama hayo. Anamwandikia salamu zake! Diouana amekaa kimya, nasi tunasikia anachowaza: hiyo si barua yangu. Anaichana. Mimi nimeandika barua maisha yangu yote kwa "mimi ni mzima wa afya", hata hii yako nimeianza hivyo, na tangu niione filamu hiyo sentensi ile hainitoki kwa urahisi.

Kinyago kinarudi mwishoni. Usiondoke kabla hakijarudi.

Kama bado una pumzi, ipo Pather Panchali ya Satyajit Ray, India, 1955. Nitakusimulia ilivyotengenezwa. Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, hakuwahi kushika kamera ya filamu. Walianza na ile sehemu ambayo mtoto Apu na dada yake Durga wanakimbia kwenye majani marefu yenye maua meupe kwenda kuona treni. Wakapiga siku moja, wakarudi wiki iliyofuata kumalizia, wakakuta ng'ombe wamekula maua yote. Ikabidi wangoje msimu mwingine. Pesa zikaisha, Ray akauza vitabu na santuri zake, kazi ikasimama miezi kwa miezi. Baadaye alisema kilichowaokoa ni miujiza mitatu: sauti ya Apu haikuvunjika, Durga hakukua, na bibi kizee Chunibala Devi, aliyekuwa na miaka karibu 80, hakufa. Ukimwona yule bibi kwenye skrini, kakunja mgongo, hana jino, anacheka na watoto, utaelewa walikuwa wakimwombea uhai kweli.

Kuna moja nataka tuitazame pamoja, tafadhali usijiibie. Ni Hadithi ya Tokyo ya Yasujiro Ozu, 1953. Wazee wawili wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao mjini. Watoto si wabaya, wana shughuli tu. Kamera imewekwa chini, kimo cha mtu aliyekaa sakafuni, kama vile nawe ni mgeni uliyekaribishwa na hujui useme nini. Watoto wanachanga pesa wakawapeleka wazee kwenye hoteli ya chemchemi za maji moto, kumbe ni kuwaondoa njiani. Usiku kule ni kelele tupu, hawalali. Asubuhi wamekaa ukingoni mwa bahari, wamevaa kanzu za hoteli, wanaamua warudi nyumbani. Bibi anainuka, anayumba, anashika chini. Kizunguzungu kidogo, anasema. Hakuna anayelichukulia kwa uzito, hata wewe hutalichukulia.

Mtunzi mwenza wa Ozu aliwahi kuona filamu ya Kimarekani yenye wazee wa namna hiyo, Make Way for Tomorrow ya Leo McCarey, ya 1937. Watu hawakuijali sana. McCarey akapata Oscar kwa filamu yake nyingine ya mwaka huohuo, ya vichekesho, na akawaambia waziwazi wamempa kwa filamu isiyo yenyewe. Ninamuunga mkono. Hiyo unaweza kuitazama peke yako, ila siku utakayoitazama usipange kumpigia mama simu ya dakika mbili.

Maandishi ya tafsiri chini ya skrini utayazoea baada ya dakika 10. Zima taa. Simu iache chumba kingine, hilo naliomba kwa magoti. Na usitazame mbili kwa siku moja. Nilijaribu, baiskeli ya Roma ikachanganyika na treni ya India, sikufaidi hata moja.

Lile swali lako la usiku ule sikulisahau. Kile kishungi cha nywele ndicho heshima ya samurai. Bila hicho anaonekana kama mtu yeyote. Kambei alikikata ili ajifanye mtawa, asogelee kibanda alimokuwa mwizi aliyeteka mtoto mdogo wa watu asiowajua. Ndiyo maana walishangaa. Ulikuwa umeuliza swali lenyewe hasa, kisha ukalala. Samurai saba hata hawajakusanyika, Kyuzo, yule bingwa wa upanga, hujamwona kabisa, na zimebaki karibu saa tatu. Nimeandika dakika uliyoachia kwenye karatasi, nimeichomeka ndani ya kasha. Safari hii tutaanza mchana.

Wako,
Binamu