Baba, vile vigae vyeusi msivitupe

London, Jumapili usiku

Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi tu ndiyo tunayogombana nayo. Kifurushi kimefika. Chupa ya achari ilipasuka njiani, na leso aliyoifungia Bibi sasa yanuka ndimu na pilipili. Sijaifua, najifunga hivyo hivyo. Mabuyu yalikwisha siku mbili, na si mimi peke yangu niliyeyala.

Sasa nije kwenye lililoninyima usingizi. Juzi kwenye simu ulinitajia kama jambo la kupita tu kwamba fundi anachimba shimo la choo kule nyuma, na alipofika futi nane akatoa ndoo mbili za vigae, vipande vya vyombo vilivyovunjika. Vile vya buluu mmeviosha mkaviweka dirishani. Vile vyeusi na vyekundu, ukasema, "vya vyungu tu", vimekwenda na kifusi. Nilitaka kusema neno, lakini Ami akadakia simu akaanza maskhara yake: mtoto katupwa Ulaya kusomea watu waliokufa. Nikacheka, simu ikakatika. Basi jibu lake na ombi langu kwako yote yamo humu.

Wiki ya kwanza mwalimu wetu wa akiolojia, hii elimu ya kufukua mambo ya kale, alitutaka kila mmoja aseme, kwa lugha ya kwao, hicho kitu tunachokisomea, "civilization" kwa Kiingereza, kinaitwaje. Nikasema "ustaarabu". Akaniuliza neno limetoka wapi. Baba, niliona haya. Nitamwambiaje kwamba kwetu mtu kuendelea ni kuwa kama Mwarabu? Nikakimbilia "utamaduni", nalo pia ni la Kiarabu, ndugu yake "madina", mji. Nilipokuwa nimeshaketi kitambo ndipo nikakumbuka tunalo "uungwana", analolitumia Bibi kila siku anapomkanya mtu asile akisimama. Uungwana wa Bibi hauulizi una jengo kubwa kiasi gani. Wauliza umemkaribishaje mgeni.

Wataalamu lakini walianza na majengo. Mwaka 1950 Vere Gordon Childe, mwanaakiolojia mzaliwa wa Australia, alitoa mambo kumi ya kuutofautisha mji wa kale na kijiji: wingi wa watu, mafundi wasiolima, kodi, majengo makubwa, watawala, maandishi, hesabu na elimu ya nyota, sanaa, biashara ya mbali, na dola inayomhesabu mtu kwa anapokaa badala ya ukoo wake. Orodha hiyo imepigwa mawe sana. Wainka wa Peru walitawala himaya ndefu kuliko pwani yetu yote bila herufi hata moja, hesabu zao zikiwa kwenye mafundo ya kamba. Lakini hata wanaoipinga huanzia hapo hapo.

Lililonishika mimi ni neno moja: ziada. Mkulima akivuna kuliko anachokula, mwengine aweza kushinda kutwa akifua shaba asishike jembe, na mwengine tena atatokea kusema yeye ndiye mwenye haki ya kuigawa hiyo ziada. Kule Uruk, kusini mwa Iraki, wamefukua mabakuli ya udongo kwa maelfu, mabaya, ya haraka haraka, yote takriban kipimo kimoja. Wengi wanaona yalikuwa ya kupimia posho ya vibarua. Na ni hapo Uruk, miaka 3,300 hivi kabla ya Nabii Isa, yalipoanza maandishi ya kwanza tunayoyajua. Si mashairi wala dua, Baba. Ni shayiri ngapi, kondoo wangapi, nani kapokea. Daftari la deni la Ami pale Marikiti lina nasaba tukufu kuliko diwani zote.

Na mwambie Ami nimemwona mteja wake. Kwenye jumba la makumbusho la British Museum kipo kibao cha udongo kutoka mji wa kale wa Uru, nao pia kusini mwa Iraki, cha miaka kama 1,750 kabla ya Nabii Isa, kirefu kama kiganja tu. Mtu aitwaye Nanni amlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir: shaba uliyoniletea ni mbovu, pesa umechukua, na mjumbe wangu umemrudisha kwa dharau. Nilisimama pale nikacheka mpaka mlinzi akaniangalia.

Ila ziada nayo ina mitego yake. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipita Mombasa mwaka 1331. Asema watu wa kisiwani hawakuwa wakilima nafaka, waliletewa kutoka bara ya pwani, na chakula chao ni ndizi na samaki. Asema misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa imara, na mlangoni kuna kisima ambapo mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Kwa hesabu ya Childe, mji usiokuwa na shamba lake na wenye misikiti ya mbao ungefeli mtihani. Kumbe ziada yake ilikuwa ikija kwa jahazi.

Sasa nirudi kwenye shimo lako.

Ardhi yaandikwa kutoka chini kwenda juu. Cha chini ndicho cha kwanza, isipokuwa kama kuna mtu alichimba akavuruga, kama fundi wako. Ndiyo maana kigae kikishatoka bila kujulikana kilikuwa futi ya ngapi na kando ya nini, kimebaki pambo. Ushahidi umekwenda. Vile vya buluu dirishani ni kaure, huenda ni ya Uchina, na vyapendeza. Lakini kaure ilinunuliwa. Chungu cheusi kilifinyangwa hapa hapa, kikapikiwa, kikavunjika, kikatupwa na mtu aliyelala humo ndani.

Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba Gede, yale magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, mwaka 1948, aliona kuta za mawe, msikiti na kaure, akauita mji wa Waarabu. Ndivyo tulivyofundishwa wengi: jiwe limekuja na jahazi. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia mwengine, Mark Horton, akachimba Shanga, kule kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwengine, na chini yake mwengine, mpaka kajengo kadogo ka miti ka karne ya 8. Na tangu tabaka za chini kabisa, vyombo vingi ni vyungu vya kienyeji, vyenye nakshi za pembetatu zilizochorwa udongo ukiwa mbichi. Vyungu vya namna hiyo vimepatikana mwambao mzima, na bara vilevile. Msikiti haukuteremshwa ukiwa tayari. Ulikua mahali pale pale, miti ikawa mawe ya matumbawe, na jikoni chungu kilikuwa cha kwetu tangu mwanzo. Hadithi yote hiyo haikugeuzwa na dhahabu. Iligeuzwa na vigae kama vile ulivyovipeleka kwenye kifusi.

Ami asije akasema nimemvua Ushirazi wake, hiyo asili ya Uajemi anayojivunia. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya vinasaba (DNA) vya watu 80 hivi waliozikwa pwani hii kati ya 1250 na 1800, wengine wao hapo Mtwapa tu. Wengi walikuwa na mababu wa Kiajemi na mabibi wa Kiafrika, na mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Basi Ami ana babu yake. Lakini chungu, nadhani, ni cha bibi.

Kuhusu umri, mkiona makaa shimoni msiyashike kwa mikono. Mti ukifa, kaboni ya namna fulani ndani yake hupungua nusu kila miaka 5,730, na hiyo ndiyo saa ya wataalamu tangu mwanakemia Willard Libby aigundue mwishoni mwa miaka ya 1940. Ila saa hiyo hutaja siku mti ulipokatwa, si siku nyumba ilipojengwa. Boriti za chumba cha Bibi si zilitolewa nyumba nyengine iliyobomolewa? Angepimiwa hizo, angepewa nyumba yenye umri isiokuwa nao.

Na hao "waliokufa". Gede ilihamwa kufikia karne ya 17, na vitabu husema mji ulianguka. Watu hawakuanguka. Walitoka, wakaenda kukaa kwengine. Wamaya vilevile: miji yao mingi imefunikwa na msitu, nao wapo kwa mamilioni wakizungumza lugha zao sokoni. Ami aulize ukoo wetu ulikuwa wapi kabla ya Kibokoni hapo Mombasa, kisha aniambie nani kafa.

Basi Baba, nakuomba. Fundi asimame kidogo. Nendeni Fort Jesus mkawaambie watu wa Makumbusho, kwani sheria ya mwaka 2006 yataka kitu cha kale kikipatikana kiripotiwe. Kifusi kama bado kiko uchochoroni, kitafuteni kwa chekeche la Bibi la unga, nitamnunulia jengine. Vyeusi vitieni mfuko wake, mwandike futi ngapi. Nipigieni picha ya ukuta wa shimo, si vigae pekee, na rula iwe kando.

Najua Bibi atasema choo ni choo. Msimjibu. Nitampigia mwenyewe Ijumaa baada ya Magharibi, na kwa siku hizi mbili tatu mtumie choo cha Ami, naye ajue ndiyo malipo ya maskhara yake.

Ni mimi mwanao,
Mwanaisha