Kuiona ndege si kuuona upepo wake: barua kwa vijana wanaorusha Caravan

Wanangu,

Kuna jibu moja la redioni linalonikera, na kila siku linasikika kati ya Dar es Salaam na Unguja: "Naiona." Mwongozaji wa ndege aliye mnarani anauliza kama mnaiona Dreamliner, ndege kubwa ya abiria, inayotua mbele yenu. Mnajibu upesi, naye anawaruhusu muifuate kwa macho. Mnafurahi kwamba foleni imefupika. Mnajua lakini mmebeba nini? Tangu dakika hiyo, umbali kati yenu na ndege ile ni jukumu lenu, si la mnara. Caravan, ndege yenu ndogo ya injini moja, ikiwa nyuma ya ndege yenye uzito wa tani 136 au zaidi huwekewa na rada maili 6 za baharini. Pasipo na rada, dakika 3. Kinga hiyo mmeitoa kwa neno moja. Na mnachokiona ni ndege tu. Visulisuli viwili vya hewa vinavyotoka kwenye ncha za mbawa zake havionekani kwa jicho.

Visulisuli hivyo hushuka, futi 300 hadi 500 kwa dakika. Pigeni hesabu. Mko maili 2 nyuma ya ndege hiyo kwa mwendo wa noti 120, yaani maili 120 za baharini kwa saa: mahali ilipopita mnapafikia baada ya dakika moja. Njia ya kutua inayoteremka kwa digrii 3, maili 3 kabla ya lami, iko kwenye futi 950 hivi. Basi anayekuja chini chini kwa futi 550 yumo mle mle vilipofikia. Huko Santa Ana, California, tarehe 15 Desemba 1993, ndege ndogo aina ya Westwind ilikuwa ikiifuata Boeing 757 kwa macho, karibu mno na chini ya njia yake. Ilibinuka ikaanguka, wakafa wote 5. Waliokuwa wakiirusha walikuwa wanaiona 757.

Kwa hiyo kaeni juu ya njia yake, wanangu, nawasihi. Tazameni matairi yake yanapogusa lami, pale panapofuka moshi, halafu nyinyi mguse mkishapapita hapo. Pua ikishalala bawa halibebi tena uzito, na kisulisuli hakizaliwi. Caravan haihitaji hata nusu ya lami ya Dar. Huu uchu wa kugusa mwanzoni kabisa mwa lami ili mchepuke njia ya kwanza ya kutokea mliurithi kwa nani?

Upepo nao uangalieni, hasa asubuhi za tangambili. Karibu na ardhi visulisuli husambaa pembeni kwa noti 2 au 3, kwa hiyo upepo hafifu wa ubavuni hukizuia kimoja juu ya lami. Ule unaosukuma kidogo kutoka nyuma na ubavuni ndio mbaya zaidi, maana hukisogeza mpaka pale mlipopanga kugusa. Hapo subirini zaidi.

Kama kubwa inaruka, guseni kabla ya pale ilipoinua pua. Ikighairi kutua ikapita chini juu ya lami, ongezeni muda.

Mkitikiswa, hata kidogo, mko ukingoni mwake: ongezeni nguvu, paeni, msijaribu kuokoa utuaji. Mkibinuliwa, nguvu zote za injini, usukani upande wa pili, mbawa zilale sawa kwanza ndipo muinue pua. Pedali msizikanyage kushoto, kulia, kushoto. New York, 12 Novemba 2001, Airbus A300 iliyopita nyuma ya 747 ilivunjika mkia kwa namna hiyo, watu 265 wakapotea.

Siwalaumu vijana peke yao. Mnafundishwa namba hizi ili mjibu mtihani, kisha mnaajiriwa na watu wanaohesabu dakika za watalii. Enyi wenye kampuni, rubani akirudi akasema ameghairi kutua kwa sababu ya ndege kubwa, msimuulize mafuta. Muulizeni alikuwa futi ngapi, na upepo ulitoka wapi.