Lupini si ua la kudumu hapa Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye bustani za maua, kuanzia Capri Point hadi Nyegezi na Igoma, wanaonunua mbegu za lupini kwa kuvutiwa na picha ya pakiti kisha wakaambulia majani matupu.

Lupini ya kwenye picha ile, yenye mashada marefu ya rangi mbilimbili, asili yake ni magharibi ya Amerika Kaskazini, na aliyeiboresha ni mtunza bustani George Russell wa Uingereza. Ni mmea wa baridi. Hata huko, baada ya miaka michache shina hukomaa, maua hupungua, ukang'olewa na kupandwa mwingine. Sisi tuko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, lakini karibu kabisa na ikweta; baridi ya kuuchanusha haipo. Kuusubiri mwaka wa pili ni kumwaga maji bure.

Chukueni aina za msimu mmoja, za maua ya bluu au ya njano, mzipande upya kila mwaka. Luseni yetu inazifaa: ni udongo wa kichanga, hautuamishi maji. Kwenye mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, mzizi huoza, labda mwinue tuta sentimita 30.

Ganda la mbegu ni gumu. Isugueni kwa msasa mpaka mng'ao upotee, muiloweke usiku kucha. Iliyovimba asubuhi ipandwe. Isiyovimba isuguliwe tena. Kina ni sentimita 2, nafasi sentimita 30, mwishoni mwa Mei masika yakiisha, ili mmea ukue katika usiku wenye ubaridi wa Juni na Julai. Pandeni palepale patakapochanulia, kwa sababu mzizi mkuu hushuka wima, na ukikatika wakati wa kuhamisha mche hudumaa. Wa kitalu utumie viriba virefu, uhamishwe ungali na majani matatu au manne, udongo usimeguke.

Kosa kubwa ninaloliona mitaani ni majivu. Tumezoea kuyamwaga kila shina, lakini lupini hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Majivu yakizidi, inashindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Samadi mbichi nayo hunenepesha majani, maua yakakosekana.

Wiki ya sita fukueni mche mmoja taratibu. Mizizini mtaona vinundu; pasueni kimoja kwa ukucha. Kikiwa cha waridi ndani, mmea unajitengenezea naitrojeni. Kikiwa cheupe, au visipokuwepo kabisa, ongezeni mboji iliyooza vizuri. Vidukari vikijaa kwenye shada, maji ya sabuni yanatosha.

Maua yakiisha, kateni shina usawa wa udongo, mizizi ibaki iozee humo, kisha pandeni mchicha. Lupini nyingine isirudi hapo kwa miaka mitatu, maana kuvu wa kuozesha mizizi hubaki ardhini. Mbegu chungu zina sumu, kwa hiyo zichumeni kabla watoto au mbuzi hawajazifikia.

Na asiyetaka shughuli yote hiyo apande marejea mvua za vuli zinapoanza. Nayo ni jamii ya kunde, ina mashada ya njano, inastahimili joto letu. Ikatwe inapoanza kuchanua, ifukiwe ingali laini, na mboga zifuate wiki tatu baadaye.

Mpenda bustani,
Nyegezi, Mwanza