Kwa shoga yangu, kuhusu ile kazi ya huku

Shoga yangu,

Salaam nyingi na mama msalimie sana. Voisi yako nimeisikiza ndani ya basi nikitoka naiti, umeniuliza ati ni kweli huku Uingereza manesi sasa wametosha kama wanasiasa wao wanavyotangaza, nikaona hili haliishi kwa voisi, ngoja nikuandikie.

Mlangoni mwa wodi yetu kuna ubao, unaandikwa manesi waliopangwa zamu hii na manesi waliopo. Juzi usiku waliopangwa 5, tuliopo 3, wagonjwa 28. Saa nne simu ikalia, wodi ya juu hawana mtu, nikapanda mie. Asubuhi nashuka kuchukua mkoba nakuta ubao wa chini bado unasema 3 na kule juu pia nimeandikwa, mtu mmoja wodi mbili. Nikachukua kalamu nikafuta nikaandika 2. Msimamizi wa zamu alinitazama tu, macho mekundu kwa usingizi, hakusema neno.

Sasa na wakubwa wao walihesabu hivyo hivyo. Uchaguzi wa 2019 chama cha Conservative cha Boris Johnson kiliahidi manesi 50,000 zaidi, watu walipouliza vizuri ikatokea kama 18,500 katika hao ni manesi ambao tayari wako kazini, ati watabembelezwa wasiache kazi. Mtu yuko ndani utasemaje umemuongeza? Mie sikatai, kumzuia nesi mzoefu asiondoke ni jambo kubwa, wallahi kubwa kuliko kuleta mgeni kama mie ambaye miezi ya mwanzo hata dawa nazijua kwa majina mengine, lakini basi sema hivyo hivyo wananchi wakuelewe. Tena ni serikali ya chama hicho hicho iliyowaondolea basari, ile pesa ya msaada wa masomo, wanafunzi wa unesi wa England 2017 wakaambiwa wakope. 2020 wakati wa korona kila Alhamisi watu wakipiga makofi milangoni kutushukuru, Machi 2021 serikali ikapendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia 1. Ndio ukaona Desemba 2022 manesi wa RCN, chama cha manesi cha huku, wametoka barabarani, na chama hicho ni cha tangu 1916, hakijawahi kuitisha mgomo mkubwa vile.

2023 wakatangaza hiyo 50,000 imetimia. Namba imetimia ndio, lakini imetimia kwa Wahindi, Wafilipino, Wanigeria, na sisi Wakenya. Na hapo ndipo naumia shoga, manake wewe na mie tulikuwa pamoja kwenye mgomo wa manesi 2017, miezi karibu 5, kosa letu kudai tulichoahidiwa, wenzetu tuliosoma nao wako nyumbani hawana ajira na zahanati hazina watu, halafu Julai 2021 serikali yetu inatia saini na Uingereza tuje huku kwa sababu manesi wa kwetu wamezidi. Wamezidi wapi? Kule zahanati ya kijijini kwenu aliyempokea mtoto wako alikuwa nani, si yule mmoja peke yake na tochi ya simu?

Sikukatazi kuja, pesa unazihitaji na mie najua. Ila kwenye intavyuu waulize wodi utakayowekwa usiku wanapanga manesi wangapi, na wakikutajia, waulize jana usiku walikuwepo wangapi. Kisha nipigie, nikiwa ofu Jumatano.

Shogako