Mdogo wangu, nyaraka ni zako

Mdogo wangu,

Juzi usiku uliponipigia, sauti yako ilikuwa imekauka kabisa. Siku ya kumi na moja wakili hapokei simu, ujumbe wa WhatsApp umebaki tiki moja, na mwenye ile nyumba ya Kinyerezi unayoinunua ameanza kukumbushia salio lake. Nikakwambia ulale, tutaongea. Mimi ndiye sikulala. Naandika hapa hadharani kwa sababu najua wenye kilio kama chako ni wengi hapa Dar, na kwa sababu yaliyonikuta wakati nanunua hii ya Tabata sikuwahi kukusimulia yote.

Wakili wangu alipata kiharusi. Jumatatu tulikaa naye ofisini kwake Magomeni, Alhamisi yuko wodini, hawezi kutamka hata jina lake. Nilikuwa nimeshalipa zaidi ya nusu ya bei. Nilipofika ofisini, karani alininyooshea kidole kabati la chuma lenye milango ya kioo. Jalada langu lilikuwa mle ndani, la kaki, limefungwa utepe, jina langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Nililiona vizuri kabisa. Ufunguo alikuwa nao mgonjwa. Na mkataba wa mauziano, hata nakala yangu, ulikuwa humo, maana nilimwambia kwa mdomo wangu, "Kaa nayo wakili, kwangu watoto wataichana." Nilisimama pale nimeweka kiganja kwenye kioo kama mtu anayemuaga msafiri.

Kwa hiyo usianze kusema umeibiwa. Wakili naye huugua, hufiwa, hupata ajali. Nenda mwenyewe, asubuhi mapema, uongee na karani, uongee na mlinzi wa jengo, uulize na ofisi ya jirani. Halafu litafute jina lake kwenye e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama unaoonyesha nani anaruhusiwa kufanya kazi hiyo. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, na anayeshindwa kuihuisha haruhusiwi kukushughulikia kitu. Kama jina halipo kabisa, hapo ulikuwa mikononi mwa kishoka, na safari ni ya polisi.

Ukishajua yuko wapi, andika barua. Usitegemee simu. Barua fupi: ninaomba nyaraka zangu, orodha ni hii, nimemteua wakili fulani azipokee kwa niaba yangu. Peleka nakala mbili, karani agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye yako. Mkataba uliosaini ni wako, risiti ni zako, picha na nakala za vitambulisho ulizompa ni zako. Kama kuna ada halali hujamalizia, ilipe, maana wakili anaweza kushikilia jalada kwa deni lake, na huna sababu ya kubishana juu ya laki mbili wakati nyumba inaning'inia. Kwa upande wangu, mke wa yule wakili mgonjwa ndiye aliyekuja kufungua kabati, wiki ya tatu, macho yamevimba kwa kulia. Nilisaini kila karatasi niliyopokea, tukasali wote wawili, nikaondoka.

Kuhusu pesa. Uliniambia malipo ya awali yaliingia moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji, na kwa wakili uliacha ada pamoja na ile asilimia 1 ya ushuru wa stempu. Nashukuru Mungu kwa hilo. Hiyo ya ushuru idai kwa barua hiyo hiyo, kwa sababu fedha ya mteja inatakiwa ikae kwenye akaunti ya wateja, mbali na fedha yake. Akipatikana akakataa bila sababu, kuna Kamati ya Mawakili, imewekwa na Sheria ya Mawakili kusikiliza malalamiko ya namna hiyo, na Chama cha Mawakili wa Tanganyika watakuelekeza pa kuanzia.

Sasa muuzaji. Soma tarehe ya mwisho ya salio kwenye nakala yako ya mkataba leo, kabla hujanywa chai. Akikwambia "usijali kaka, chukua muda wako", mshukuru, halafu omba aiandike. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuuziana ardhi uwe wa maandishi, basi na nyongeza ya muda iwe ya maandishi, msaini wote, wakili mpya ashuhudie. Neno la mdomo litakuwa tamu mpaka siku atakapotokea mnunuzi mwenye kuongeza milioni tano.

Na yule dalali atakuja, kama hajaja. Atasema mwendeni serikali ya mtaa, mwenyekiti agonge muhuri, mmalize leo leo. Nakuomba sana usikubali. Nyumba ile ina hati, na hati huhamishwa kwa Msajili wa Hati, tena baada ya muuzaji kulipa TRA kodi ya ongezeko la mtaji. Muhuri wa mtaa hauhamishi hati.

Kuna jambo moja ambalo nataka ulishike kuliko yote. Wakili mpya akianza kazi, arudie upekuzi kwa Msajili, yaani kuangalia kama hati ina kizuizi chochote, hata kama ule wa kwanza una miezi miwili tu. Wangu wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili ulikuta zuio. Mke wa muuzaji alikuwa ameliweka, kwa sababu mumewe aliuza nyumba waliyokuwa wanaishi bila kumuuliza, na Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu hivyo. Tulipofungua jalada la kaki tulikuta wakili wangu ameandika pembeni, kwa mkono wake: "Idhini ya mke bado." Alilijua hilo, na lilibaki kichwani mwake na kwenye kile kipande cha karatasi kilichofungiwa kabatini. Ilinichukua miezi minne kukaa na yule mama, kumsikiliza, hadi akaridhika na mgao wake akasaini. Haki ilikuwa yake.

Jumamosi njoo nyumbani saa tatu. Beba kila risiti, hata ujumbe wa muamala kwenye simu, tutauchapisha pale stationery ya mtaani. Nimeshaongea na wakili aliyenimalizia mimi, atatupokea saa tano. Njoo na wifi. Kama bado mnataka hati isome majina yenu wote wawili kama mlivyoniambia Pasaka, huyo wakili inabidi alisikie kutoka kwa wifi pia.

Dada yako