Kwa Vijana wa Vikundi vya Maombi: Ushindi wa Mungu Msiuwekee Tarehe

Wanangu katika Bwana,

Nilinyamaza nikidhani mzee mwingine atasema, lakini mliyomtendea dada yenu mgonjwa yamenikosesha subira. Mlimwendea kwa nyimbo, mkamtangazia kwamba kabla ya mwezi kwisha atasimama, na mwezi ulipokwisha akiwa bado kitandani, mkaanza kumhoji kama ana dhambi aliyoificha au kama imani yake ni haba. Sasa hamwendi kabisa. Ni nani aliyewatuma kumwongezea mzigo?

Mnalipenda sana neno la Yeremia 29:11, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani. Ni neno jema, nami nimeliegemea maisha yangu yote. Lakini mstari wa 10, ulio juu yake tu, unataja miaka 70 ya kungoja kabla ya kurudishwa kwao. Walioandikiwa walikuwa mateka Babeli, na wengi wao hawangeiona siku hiyo kwa macho yao; hata hivyo waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, tena wauombee amani mji uliowateka. Someni na sura iliyotangulia. Nabii Hanania aliivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kutawaliwa na Babeli, mbele ya watu wote, akaahidi kwamba katika miaka 2 mambo yote yatarudi. Yeremia alijibu, “Amina,” kwa maana naye aliyatamani hayo, ila hakuthubutu kuyageuza matamanio yake kuwa ahadi ya Mungu. Hanania alikufa mwaka uleule. Siku hizi angealikwa kila kongamano.

Katika Matendo 12, Yakobo anauawa kwa upanga na Petro anatolewa gerezani na malaika, katika sura moja. Je, mtasema Yakobo alikosa imani? Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake, yaani taabu iliyomtesa, uondolewe, haukuondolewa. Tena ndiye aliyeandika katika Warumi 8 kwamba tunashinda, na zaidi ya kushinda, “katika mambo hayo yote”, akiwa ameyataja mambo yenyewe: dhiki, njaa, uchi, upanga.

Lawama si yenu peke yenu. Makanisa yetu humpa kipaza sauti aliyekwisha kupona, na yule anayeendelea kumshika Mungu katikati ya maumivu hatumwulizi hata neno moja, kana kwamba ushindi wake hauhesabiki.

Basi rudini kwake. Mwombeeni apone, ombeni kwa nguvu zenu zote, wala sina neno na hilo, kwa sababu Mungu huponya; ila msimwachie tarehe. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema kitu, na waliharibu walipofumbua vinywa. Kaeni naye, mfulieni, mpikieni, mwulizeni anataka asomewe nini. Na yule aliyemhoji kuhusu dhambi amwombe radhi kwanza, kabla ya kufungua Biblia.

Mzee wenu