Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Kenya: bei ya unga wa GMO haipatikani kwa maswali matupu

Mheshimiwa Waziri,

Vyakula vya GMO, yaani vinavyotokana na mimea au viumbe vilivyobadilishwa jeni maabara, vilipigwa marufuku Novemba 2012, Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, kisha kesi zikafuata. Hukumu tuwaachie majaji. Kuna swali moja ambalo korti haiwezi kulijibu: mnunuzi yuko tayari kulipa ngapi? Kabla wizara haijagharamia utafiti wa maoni, tunakuomba ukatae ule wa kuuliza tu, "Je, ungenunua?" Mtu asiyetoa hata shilingi humjibu mdadisi apendavyo. Tena ukianza kwa kumtajia bei, jibu lake litaifuata bei hiyo.

Wekeni pakiti mbili za unga wa mahindi mezani, kilo mbili kila moja, moja ikiwa na lebo ya GMO. Mshiriki apewe pesa taslimu na aandike bei ya juu kabisa anayoweza kulipia kila pakiti. Kura iamue ni pakiti gani itauzwa, kisha achomoe kikaratasi kimoja kwenye mfuko wenye vikaratasi vya bei mbalimbali. Bei ikiwa sawa na aliyoandika au chini yake, ananunua kwa bei ya kikaratasi. Ikizidi, anabaki na pesa zake. Hapo hana faida ya kudanganya, maana kiasi alichoandika hakipangi bei. Shida ni kwamba watu wetu wamezoea kupatana bei, kwa hivyo huanza chini. Fanyeni mazoezi kwanza kwa kipande cha sabuni, hata mara tatu, mpaka waelewe.

Kosa kubwa zaidi ni rangi. Mahindi ya GMO ya Marekani mengi ni ya njano, na kwa Wakenya wengi wa makamo njano ni chakula cha msaada cha ukame wa 1984. Mkilinganisha unga wa njano na mweupe, mtakuwa mmepima kumbukumbu hiyo wala si GMO. Pakiti zote ziwe nyeupe. Pia wengi huchanganya GMO na mbegu za haibridi, zile za kuchavusha aina mbili za mmea; wote wasomewe maelezo yaleyale, neno kwa neno.

Na msiishie supamaketi. Kanuni za 2012 zinadai lebo GMO inapozidi asilimia 1, lakini gorogoro la sokoni halina lebo, na kwa mwenye kisiagi mahindi huingia yakitoka magunia tofauti. Anayetaka kulipa zaidi ili aikwepe GMO atailipia wapi? Kupima gunia nako kuna hesabu yake: ikiwa punje 1 kati ya 100 ni GMO, sampuli ya punje 50 ina uwezekano wa asilimia 39 tu wa kuinasa hata moja, punje 300 hufikisha 95. Anayechota kiganja kimoja juu ya gunia na kuandika "safi" anabahatisha.

Tunaomba visiagi viingizwe kwenye bajeti ya utafiti huo tangu mwanzo.

Wako,
Watafiti wa masoko ya nafaka